Udongo Uliowekwa Pembeni

Watoto wanaocheza mpira kule uwanjani wakitusikia sisi wazee tukisema "kule kilimani", hugeuza shingo huku na huku kutafuta kilima, kisha hututazama kwa huruma, kama watu ambao akili zimeanza kuwaaga. Siwalaumu. Uwanja wao umelala tambarare kama meza, na bustani za mboga zilizo pembeni yake ni hivyo hivyo. Lakini kilima kilikuwapo, na shimo lilikuwapo, na kati ya kilima na shimo aliishi wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye watu walimwita Nyundo. Ndiye ninayetaka kumwandika, kwa sababu tuliomjua tunapungua, na waliobaki humsimulia kwa kicheko tu.

Kicheko kilimstahili, sikatai. Nilipofiwa na mume wangu nikarudi kuishi kwa kaka, Nyundo alinipokea mlangoni, akalitazama sanduku langu kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Karibu, wifi. Naona umeleta nguo. Mimi nilitegemea utaleta mikono."

"Mikono ninayo," nikamjibu. "Ya kushikia kalamu. Mimi nimemaliza darasa la saba."

"Ehe! Basi kesho tutaona darasa la saba linavyovunja jiwe."

Kesho yake nilivunja kucha ya kidole gumba. Nyundo alicheka mpaka akakaa chini, halafu akachana upindo wa kanga yake akanifunga kidole, taratibu, kama mtu anayefunga zawadi. Akanionyesha namna ya kufanya: unachukua kipande cha mpira wa tairi, unakikunja kiwe pete, unaliweka jiwe ndani ya pete lisirukeruke, kisha unapiga. Si kwa nguvu. "Jiwe lina mlango," alisema. "Ukilipiga ukutani litakuchosha mpaka jioni. Tafuta mlango." Yeye alikuwa akiona milango ya mawe kama wengine tunavyoona milango ya nyumba. Lundo lake la kokoto lilikuwa limenyooka, punje sawa kwa sawa, na madereva wa malori walimfuata yeye kwanza. Wenzake walisema ana dawa. Naye akawajibu, "Ninayo. Inaitwa kunyamaza na kupiga."

Sasa nieleze habari ya kilima, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Zamani, kampuni ya kokoto ilipokuja, ilikuta udongo mweusi mzuri juu ya mawe, ule uliokuwa mashamba ya watu. Ili yafikiwe mawe, ilibidi udongo utolewe. Haukutupwa. Ulikusanywa pembeni ya shimo, lundo juu ya lundo, kwa nia kwamba kazi ikiisha urudishwe mahali pake. Kazi ikaisha, kampuni ikafungasha mashine zake ikaenda, na kila kitu ikakiacha kilivyo: shimo wazi, udongo pembeni. Udongo ukaota majani, ukaota vichaka, mvua ikauchonga ukawa na mabega kama kilima chochote. Wifi yangu aliletwa pale bibi arusi, akakiona, akajua ni kilima cha Mungu. Kaka, aliyekuwa kibarua wa kampuni tangu ndevu hazijaota, alijua ni lundo. Hakumsahihisha. Nani anakaa kumsahihisha bibi arusi mambo ya udongo?

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Nyundo alijifungua kwa taabu, homa ikampanda, fahamu zikampotea. Alipozinduka, mtoto alikuwa amekwisha kuja na amekwisha kwenda. Alikuwa wa kike. Hakumbeba, hakumnyonyesha, hakumwona. Barabara ya makaburini ilikuwa imekatwa na maji. Kaka akachukua jembe akazunguka kutafuta mahali pa kumlaza mwanawe, na kila alipopiga, jembe lilirudi likilia. Jiwe. Nchi yote pale ilikuwa imekwanguliwa ngozi, imebaki mifupa. Mahali pekee ambapo jembe lilizama ni kwenye ule udongo uliowekwa pembeni. Akampandisha kilimani peke yake, akamzika.

Mke alipopata nguvu ya kusimama, kaka alimwongoza mpaka kwenye jiwe moja la mviringo, akamwambia, "Yuko hapa." Haya nilisimuliwa na Nyundo mwenyewe, kwa maana wakati huo mimi nilikuwa kwa mume wangu, mbali, na habari zilinifikia zimekwisha kupoa.

Walipata mtoto mwingine baadaye, wa kiume, akakua, akaenda zake kutafuta maisha. Lakini kila alipomaliza kazi Nyundo alipanda kilimani na vumbi lake la mawe usoni, akakaa kidogo karibu na jiwe lile, akashuka. Hakuwa na maneno huko. Nilimfuata siku moja nikamkuta anang'oa majani tu.

Sasa fikiria wewe mwenyewe: umeweka jiwe liwe alama, mahali ambapo kila mtu anakula kwa kuvunja mawe. Watu walizidi kuja, mawe ya juu yakapungua shimoni, kina mama wakaanza kuokota popote. Siku moja Nyundo alipanda asilikute. Nilimwona akishuka mbio, yeye ambaye hakuwahi kukimbia. Akapita kwenye malundo ya wenzake, lundo kwa lundo, anapekua kokoto kwa vidole, anazinyanyua kwenye mwanga, anazirudisha. Wanawake wakamtania, "Nyundo, leo unatuibia mchana kweupe?" Alipowaambia anachotafuta, wakaacha kupiga mawe. Hakuna aliyekusudia. Aliyeliokota hakujua, na aliyejua hakuliokota. Na malori yalikuwa yamekwisha kupakia na kuondoka.

"Jiwe la mwanangu," aliniambia jioni, "limekwenda kujenga nyumba ya mtu." Akakung'uta kanga yake. "Basi na isimame vizuri."

Tangu hapo alipashika mahali pale kwa kichwa tu: bega la kilima linaloelekea mawio, chini ya mfereji uliochongwa na mvua. Lakini mvua haichongi mara moja ikaacha.

Lile shimo nalo lilijaa maji, likawa na mbu na majani yanayoteleza. Mtoto wa jirani yetu fundi cherehani akatumbukia humo akafa. Huyo fundi alikuwa mwanamke mpole, asiyejua kugombana hata na uzi. Nyundo akagombana kwa niaba yake. Alikusanya kina mama, wakaenda ofisi ya serikali wakakaa chini sakafuni, wakakataa kuondoka mpaka wasikilizwe. Nilikuwapo. Mkubwa mmoja alitoka akasema, "Mama, mna shida gani?" Nyundo akamjibu, "Sisi hatuna shida. Shimo ndilo lenye shida. Lina njaa. Mlijaze kabla halijatumaliza."

Kwa hiyo mtu asije akasema wifi yangu alipinga shimo kufukiwa. Yeye ndiye aliyelidai.

Mradi ukaja. Wakavuta maji, wakaanza kumwaga kifusi. Msimamizi alikuwa binti wa watu, mwenye buti zilizomzidi miguu na adabu ya kutosha. Akaitisha mkutano pale pale ukingoni, akatueleza kwamba upande mmoja patakuwa uwanja wa mpira, upande mwingine bustani, kila nyumba itagawiwa kipande ilime mboga. Tukapiga makofi. Nyundo alipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Lakini kifusi hakioteshi mboga," alisema mzee mmoja.

"Kweli, babu," binti akasema. "Ndiyo maana juu tutarudisha udongo wake mwenyewe. Ule pale." Akanyoosha kidole kilimani.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Binti, unataka kuhamisha kilima?"

"Kile si kilima. Ni udongo wa shimo hili hili. Uliwekwa pembeni tu."

Makofi ya Nyundo yalikatika. Akamgeukia mume wake. "Mzee, anasema nini huyu?"

Kaka akatazama miguu yake. "Anasema kweli."

"Si kilima?"

"Ni lundo, mama watoto. Lilikuwa lundo tangu mwanzo."

"Na wewe ulijua."

Mimi, dada mtu, nilitamani kaka ajibu uongo.

Nyundo akaenda moja kwa moja kwa yule binti, akasema mbele ya watu wote jambo ambalo mpaka hapo tulilijua mimi na wenzake wa kokoto tu. Alisema ana mtoto mle ndani. Hakuomba mradi usimame. Aliomba kitu kimoja: kabla mashine haijagusa kilima, mtoto wake atafutwe, apelekwe makaburini kama watu wengine, na siku yake yeye ikifika alazwe ubavuni pake. "Sikuwahi kulala naye," alisema. "Nataka nilale naye."

Binti yule akasema watachimba kwa mkono kwanza, na mashine itasubiri.

Tukachimba. Vijana wa mradi, kaka, mimi, fundi cherehani na majirani. Nyundo ndiye aliyeonyesha mahali, akasimama hapo na miguu yote miwili ili asipapoteze. "Hapa." Udongo ulikuwa laini, mweusi, unanukia shamba. Tulitoa mizizi, tukatoa mdomo wa chupa ya kampuni, tukatoa kipande cha kamba ya katani. Kila jembe lilipogusa kitu, Nyundo alisema, "Polepole, polepole," hata kilipokuwa mzizi. Hapakuwa na kitu. Tukapanua. Tukapanda juu kidogo, tukashuka chini kidogo. Bega zima la kilima tukaligeuza kama godoro. Hapakuwa na kitu.

Dereva wa kijiko, lile tingatinga lenye mkono mrefu, alikuwa mwanamume mnene mwenye masihara mengi, lakini siku zile alikuwa ameyafunga masihara yake. Akasema, "Mama, acha nikusaidie. Nitakwangua kwa meno ya mbele, kidogo kidogo, kama nakuna mgongo wa mtoto." Akafanya hivyo, na kila alipokwangua alizima mashine, akashuka, akapapasa kwa mikono yake mwenyewe. Bado hapakuwa na kitu.

Kaka alikuwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa, jembe mapajani. Nyundo akamwendea. Uso wake ulikuwa na udongo mpaka kwenye kope.

"Wewe ndiye uliyechimba. Mimi nilionyeshwa tu. Amka utuonyeshe."

"Sijui," kaka akasema.

"Hujui vipi? Uliweka jiwe!"

"Niliweka. Nilimzika mvua inanyesha. Udongo ulikuwa uji. Nilishuka kukushika wewe, nilidhani nitawazika wote wawili. Niliporudi siku ya pili na jiwe, kilima kilikuwa kimeporomoka upande mzima. Nilitafuta. Nilichimba kwa vidole. Sikupaona."

"Na jiwe?"

"Nililiweka tu."

"Uliliweka wapi?"

"Mahali palipokuwa pazuri," kaka alisema. "Ulikuwa unaniuliza kila siku yuko wapi. Nikaona bora uwe na mahali."

Vijana wa mradi waliweka majembe chini. Nyundo alisimama anamtazama mume wake kama mtu anayetazama jiwe asilione mlango. Kisha akasema, si kwa hasira, "Kwa hiyo nimekaa miaka yote hiyo nang'olea majani mahali pasipo na mtu."

Kaka akajifunika uso kwa mikono.

Dereva wa kijiko aliona hawezi kusimama bure. Akachota udongo kwenye beseni safi, akaleta kwa mikono miwili, akapiga goti moja. "Mama, chukua huu. Tuupeleke makaburini, tuuzike kwa heshima. Mungu anajua."

Nyundo akalitazama beseni. Akaweka kiganja begani kwa yule dereva.

"Asante, mwanangu. Umefanya vizuri. Lakini mimi sikuzaa udongo. Nilizaa mtoto."

Halafu akamgeukia binti msimamizi, akapangusa mikono kwenye kanga yake. "Mwageni," akasema. "Watoto wa wenzangu wanasubiri."

Wakamwaga. Malori yalipita mbele ya nyumba yetu kutwa, na Nyundo alisimama ukingoni akiangalia kila moja likiinua tumbo lake. Hakulia. Nilimpelekea maji akayashika bila kunywa. Kilima kikapungua, kikawa kifundo, kikawa doa, kikaisha, na ule udongo ukatandazwa kote, mweusi, sawasawa, ukarudi mahali ulikotoka. Kusema kweli ulikuwa mzuri. Majirani walikuwa wanauchota kiganjani wanaunusa. Leo Nyundo amelala makaburini, upande mmoja yuko kaka, na upande wa pili ameshazikwa mtu tusiyemjua.

Lakini kabla ya kufika huko, walikuwa bado wana maisha ya kuishi humo ndani ya vyumba viwili, na mimi katikati.

Nyundo aliacha kusema na mume wake. Alimpikia, alimfulia, alimtandikia, ila maneno yote yalipitia kwangu. Tumekaa watatu kwenye chumba kimoja, magoti karibu yanagusana, yeye anasema, "Wifi, mwambie kaka yako chakula tayari."

Na kaka anasema, "Dada, mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia," nasema mimi.

"Mwambie kusikia si kula."

Siku moja nilichoka. Nikawaambia, "Mimi si simu! Tena simu hulipiwa!" Wote wawili wakatazama ukutani kuficha kicheko, kila mmoja ukuta wake, na ikarudi vilevile.

Vipande vya bustani vikagawiwa. Kaka alilima chetu peke yake. Mchicha wa mwanzo ulitoka na majani mapana kama viganja vya watu wazima. Akauleta nyumbani, akauweka mezani, akasimama kando kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani. Nyundo akauangalia mchicha ule muda mrefu. Kisha akanisemesha mimi: "Wifi, mwambie ni mzuri. Mwambie amelima vizuri. Lakini siwezi." Akauchukua akampelekea fundi cherehani. Tangu siku hiyo tukawa tunanunua mboga sokoni, sisi wenye shamba, na wasiojua walitucheka kwamba tumekuwa matajiri.

Hata alipopita kando ya bustani zile, wifi yangu alivua ndala akazishika mkononi. Wengi walidhani anaogopa kuzichafua.

Mchana mmoja mvua ilinyesha hata hatukuweza kutoka. Bati lilikuwa linapiga kelele. Kaka alikuwa anakaza mpini wa jembe, mimi nachambua maharage kwenye ungo, Nyundo amekaa karibu na mlango na mikono yake mitupu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akasema, bila kumtazama mtu:

"Alikuwa na nywele?"

Nilifungua mdomo kuupeleka ujumbe, kwa mazoea. Nikaufunga.

Kaka aliweka jembe sakafuni. Ilikuwa kama alisubiri swali hilo tangu ujana wake. "Nyingi," alisema. "Zimelala upande mmoja. Kama amechanwa."

"Mweusi?"

"Kuliko mimi."

"Kuliko wewe! Maskini mwanangu."

"Pua yako."

"Pua yangu hii?"

"Hiyo hiyo, na upana wake. Nikasema moyoni, sasa wamekuwa wawili wa kuninusa nikirudi nimekunywa."

Nyundo akaishika pua yake kwa vidole viwili, kama mtu anayeipima. "Alilia?"

"Mara moja. Kasauti kadogo. Wewe ulikuwa unaweweseka, hukusikia. Nikampa kidole akakishika, akanyamaza."

Bati lilizidi kupiga kelele, na kaka akawa anapandisha sauti ili asikike, yeye ambaye hakuwa mtu wa sauti. Nyundo akanyanyuka, akakiburuta kigoda chake toka mlangoni mpaka mbele ya mume wake, akakaa, magoti kwa magoti.

"Usiruke kitu," akamwambia. "Anza pale alipotoka."